Upepo wa Ufuoni Si Upepo wa Mwambani

Msomaji mpenzi, nani angedhani kwamba mtu aliyezaliwa ukingoni mwa bahari atapanda bara hadi Ruiru kwenda kufundishwa habari za upepo? Yalinifika. Nilikwenda kumtazama mpwa wangu, fundi wa mitambo, nikamkuta kainamia meza, mbele yake vikombe vitatu vya plastiki vimetiwa kwenye mhimili, na nyaya chungu nzima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Vikombe vyenyewe havina masikio, kahawa tutanywaje?"

Akacheka. Kumbe kile ni chombo cha kupimia upepo, ameagizwa na rafiki zake wa Diani, vijana wa ule mchezo wa kusimama juu ya ubao na kushika tanga kwa mikono miwili. Wanataka kujua nguvu ya upepo kabla hawajabeba vyombo vyao kwenda ufuoni. Vikombe vikizunguka, kipande cha sumaku hupita karibu na swichi ndogo, mizunguko ikahesabiwa, na hesabu hiyo ikapelekwa kwenye simu. Si jambo geni: vikombe vya namna hii vilibuniwa Armagh, huko Ireland, na Robinson mwaka 1846. Lililo jipya ni hiyo simu.

Tukakipandisha juu ya paa kukijaribu. Lo! Vikombe vikakimbia, vikasita, vikasimama, kisha vikaanza tena kama mtu aliyesahau aendako. Mpwa wangu akadhani chombo ni kibovu. Kesho yake tukakichukua hadi Thika, mahali peupe ukingoni mwa mashamba ya mananasi, na hapo kikazunguka kwa utulivu mchana kutwa. Chombo kilikuwa kizima. Ubovu ulikuwa wa lile paa, kwani Ruiru ya leo imejaa maghorofa, na upepo huvunjika kwenye kuta zake.

Wataalamu wa hali ya hewa wana kanuni yao: chombo kiwekwe mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na kiwe mbali na kizuizi chochote kwa umbali usiopungua mara 10 ya kimo chake. Wakulima wao hupima aghalabu mita 2 tu, maana haja yao ni kujua mimea inapoteza maji kiasi gani. Basi piga hesabu: mnazi wa mita 20 wataka uwanja wa mita 200. Ufuoni Diani, penye minazi, mivinje na mapaa ya makuti, mita hizo utazipata wapi, ila uingie majini?

Hapo nikamkumbuka baba yangu mdogo. Ulikuwa wakati wa maleleji, pepo zisizo na mwenyewe, kati ya kaskazi na kusi. Asubuhi hiyo mivinje ya ufuoni haikutikisika hata jani, wakatweka tanga zima. Nje ya mwamba upepo ulikuwa mwingine. Waliokwenda walikuwa watatu katika ngalawa ile, wakarudi wawili, na baba mdogo hakuwamo. Tena upepo ukizidi mara mbili, msukumo wake kwenye tanga huzidi mara nne; mvuvi hakuisoma hesabu hiyo darasani, lakini mikono yake yaijua.

Wazee wetu walihesabu miongo tangu Nairuzi, kumi kumi, wakajua lini kusi itaamka na lini bahari itafungwa. Ibn Majid aliandika habari za misimu hiyo katika karne ya 15, na neno lenyewe, msimu, tumelipata kwa Waarabu. Lakini mwongo hukwambia majira, haukwambii saa. Kwa hiyo sikidharau kikombe cha mpwa wangu. Nilimwambia mawili tu: akiweke mwambani, na hesabu yake wapewe wavuvi pia, si wachezaji peke yao.

La pili alikubali papo hapo. La kwanza likamtia mashaka. Chumvi itakula mhimili, akasema, na nani atakwenda kuusafisha? Nikampigia simu nahodha mmoja mzee wa kwetu, mtu aliyekwenda joshi miaka arubaini, nikampa mpwa wangu azungumze naye. Mzee hakuuliza bei wala habari za nyaya. Aliuliza hiyo mita 10 itapimwa kutoka wapi, maana wakati wa bamvua maji yetu hupanda karibu mita 4, na nguzo iliyo ndefu maji yakitoka itakuwa fupi maji yakijaa.

Mpwa wangu akanyamaza. Kisha akasukuma vikombe kando, akatafuta penseli, akaanza kuichora nguzo upya.