Ruta ya nyumbani yaweza kumfungulia mwizi akaunti ya benki

WAFANYABIASHARA wengi wanaolipia mizigo kwa njia ya intaneti hulinda kompyuta zao dhidi ya virusi, na neno la siri la benki hawamwambii mtu. Kifaa kinachosahauliwa ni ruta, kile kisanduku chenye taa kinachosambaza intaneti bila waya ndani ya nyumba.

Brazil ililipia usahaulifu huo. Kati ya mwaka 2011 na 2012 wezi waliingilia modemu za intaneti zipatazo milioni 4.5 nchini humo bila kugusa kompyuta ya mtu. Walibadilisha namba za DNS tu, yaani pale ambapo kifaa huuliza tovuti fulani iko wapi. Ni kama kuulizia njia kwa mtu aliyehongwa. Mteja aliandika jina sahihi la benki yake, akapelekwa kwenye ukurasa bandia, akaacha siri zake humo. Wengine walifungua tovuti za kawaida wakaletewa programu ya wizi iliyojifanya ya kuwalinda.

Modemu hizo zilikuwa na kasoro iliyotoa neno la siri hata lilipokuwa gumu, hivyo dawa ilikuwa kuziwekea programu mpya ya mtengenezaji. Lakini kwingineko mwizi hahitaji ujuzi huo, kwa kuwa mwenye ruta hajawahi kubadilisha neno la kiwandani, ambalo mara nyingi ni "admin" tu. Hili si lile la kujiunga na Wi-Fi, wanalopewa wageni na wateja. Ni la kufungulia mipangilio, na anayelijua ndiye mwenye kifaa.

Kulibadilisha si kazi ya fundi. Chini ya ruta huwa pameandikwa anwani, kwa mfano 192.168.1.1, ambayo huandikwa mahali pa kuandikia jina la tovuti. Ukurasa ukifunguka, mwenye ruta abadilishe neno hilo, azime uwezo wa kuiendesha kutoka nje ya nyumba, kisha atazame namba za DNS. Asipozitambua, aulize kampuni inayomuuzia intaneti.

Kwa Wi-Fi yenyewe achague WPA2 au WPA3. WEP, inayopatikana katika vifaa vya zamani, ilivunjwa tangu mwaka 2001. WPS nayo izimwe: namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 iligundulika kwamba kifaa huikagua nusu nusu, na majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

Tovuti ya benki ikileta onyo kuhusu usalama, mteja asibonyeze kuendelea, hata kama anadaiwa fedha siku hiyo.

Anayenunua ruta iliyotumika airudishe kwanza katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma. Aulize pia kama mtengenezaji bado anatoa programu mpya za aina hiyo, maana isiyopata tena huuzwa kwa bei nafuu na kasoro zake zikiwa ndani.