Kupiga Picha za Wanyama wa Bustani na Vipenzi wa Nyumbani: Mnyama Kwanza, Picha Baadaye

Na Mwandishi Wetu

Kuenea kwa simu janja kumeufanya upigaji wa picha, ambao zamani ulikuwa kazi ya wenye studio na waandishi wa habari, kuwa burudani ya kila nyumba. Miongoni mwa vinavyopigwa picha kwa wingi ni wanyama: mbwa na paka wa nyumbani, kuku na mbuzi walioko uani, pamoja na wanyamapori wanaotunzwa katika bustani za wanyama ambako familia na wanafunzi huenda siku za mapumziko.

Burudani hii haina gharama kubwa na ina mafunzo mengi. Hata hivyo, ina kanuni moja inayozitangulia nyingine zote: usalama wa mtu na utulivu wa mnyama huja kwanza, picha hufuata. Makala haya yanaeleza sababu za kanuni hiyo na namna ya kuifuata bila kukosa picha nzuri.

Wapo wanaodhani kuwa picha ya mnyama aliye nyuma ya uzio haina thamani ikilinganishwa na ile iliyopigwa mbugani. Historia inaonesha vinginevyo. Kwaga, aina ya punda milia wa Afrika Kusini aliyekuwa na milia upande wa mbele tu wa mwili, alitoweka kabisa duniani Agosti 12, 1883, pale kwaga wa mwisho alipokufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam, Uholanzi. Picha pekee zinazojulikana za kwaga akiwa hai ni chache, na zote ni za jike mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya London kati ya miaka ya 1860 na 1870. Waliompiga picha hawakujua kuwa wanaacha ushahidi ambao vizazi vilivyofuata visingeweza kuupata kwa njia nyingine yoyote.

Tanzania nayo ina mfano wa karibu zaidi. Chura wa Kihansi, mwenye urefu usiofikia sentimita 3 na ambaye huzaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye safu za milima ya Udzungwa. Makazi yake yalitegemea manyunyu ya maporomoko ya maji, ambayo yalipungua sana baada ya mto huo kuanza kutumika kuzalisha umeme. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa na kuzalishwa katika bustani za wanyama, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Kizazi cha vyura waliookolewa kilianza kurejeshwa nchini mwaka 2010. Kwa miaka kadhaa, aliyetaka kumpiga picha kiumbe huyu wa Tanzania akiwa hai hakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwenye bustani za wanyama.

Mpigapicha wa Marekani, Joel Sartore, ameifanya kazi ya namna hiyo kwa upana mkubwa. Tangu mwaka 2006 amekuwa akizunguka katika bustani na vituo vya kutunzia wanyama duniani kupitia mradi wake uitwao Photo Ark. Huwapiga picha wanyama wakiwa mbele ya kitambaa au ukuta wa rangi moja, nyeusi au nyeupe, ili panya na tembo waonekane kwa uzito ule ule machoni pa mtazamaji. Mnyama wake wa kwanza katika mradi huo alikuwa fuko asiye na manyoya, ambaye asili yake ni Kenya, Ethiopia na Somalia.

Mwananchi wa Afrika Mashariki hahitaji kusafiri mbali ili kuanza. Jijini Mwanza kipo Kisiwa cha Saanane, kilichoanzishwa mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama ya Serikali nchini na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Hufikiwa kwa safari fupi ya boti, na miamba yake ni makazi ya pimbi na mijusi wa rangi, wanaopenda kuota jua la asubuhi. Nchini Kenya kipo kituo cha wanyama yatima kilichofunguliwa mwaka 1964 katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na nchini Uganda kipo kituo cha elimu ya uhifadhi cha Entebbe, kilichoanza mwaka 1952. Wengi wa wanyama katika vituo vya aina hii ni waliookolewa wakiwa yatima, majeruhi, au mikononi mwa watu waliowamiliki kinyume cha sheria. Mpigapicha anapaswa kulikumbuka hilo anapoinua kamera, kwani anayemkabili ni mnyama ambaye tayari amepata madhara kutoka kwa binadamu.

Kikwazo cha kwanza katika bustani ya wanyama ni uzio. Pale ambapo wageni wanaruhusiwa kusogea hadi kwenye waya, mpigapicha aiweke lenzi karibu kabisa na tundu la waya na kusubiri mnyama awe mbali kidogo na uzio. Kwa wenye kamera zinazorekebishwa, tundu la lenzi lifunguliwe kwa upana wote. Kwa kufanya hivyo waya hufifia na kupotea katika picha. Pale penye kioo, lenzi ikaribishwe kwenye kioo na mkono utumike kukinga mwanga unaotoka pembeni. Mavazi ya rangi nyeusi au ya giza hupunguza taswira ya mpigapicha kuonekana kwenye kioo.

Palipo na kizuizi cha pili kinachowatenga wageni na uzio, kizuizi hicho hakivukwi kwa sababu yoyote. Machi 2019, katika bustani moja ya wanyama jimboni Arizona, Marekani, mwanamke aliyevuka kizuizi ili ajipige picha akiwa karibu na chui wa Amerika alijeruhiwa mkono na mnyama huyo. Alinusurika kifo, na uongozi wa bustani ulieleza kuwa mnyama hakuwa na kosa. Kisa hicho kinaonesha kuwa kizuizi huwekwa kwa kupima umbali ambao mkono wa mnyama unaweza kufika.

Suala la pili ni mwanga na muda. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la adhuhuri huwa utosini, na hufanya macho ya wanyama yafunikwe na kivuli. Muda unaofaa ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi na kuanzia saa kumi jioni hadi machweo. Ndio muda ambao hewa ni baridi na wanyama wengi hutembea, hula na kucheza. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, hivyo anayemkuta amelala asimpigie kelele, asimrushie mawe wala asigonge kioo ili aamke. Kusubiri ni sehemu ya burudani yenyewe. Vilevile ni mwiko kuwalisha wanyama ili wasogee, kwa kuwa chakula cha binadamu huwaletea maradhi na kuwafunza kudai chakula kwa nguvu.

Taa ya kamera, maarufu kama flashi, izimwe. Mbali na kurudisha mwanga kwenye kioo na kuharibu picha, humshtua mnyama, hasa wale wanaoishi gizani kama bundi na komba. Wanyama wengi, wakiwamo mbwa na paka, wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga ili waone vizuri usiku. Utando huo ndio unaofanya macho yao yang'ae kijani au njano katika picha iliyopigwa kwa flashi.

Kwa wanyama vipenzi wa nyumbani, hatua iliyo rahisi na yenye manufaa makubwa ni mpigapicha kushuka. Picha ya paka iliyopigwa na mtu aliyesimama huonesha mgongo na masikio, lakini anayechuchumaa au kulala chini hukutana na uso wa mnyama. Mkazo wa kamera uwekwe kwenye jicho. Mbwa anayekimbia huhitaji kasi ya kamera isiyopungua sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Mnyama mweusi apigwe katika kivuli chenye mwanga wa kutosha ili manyoya yake yaonekane, kwani jua kali humgeuza kuwa doa jeusi.

Mpigapicha wa vipenzi anapaswa pia kuisoma lugha ya mwili wa mnyama. Mbwa anayepiga miayo mara kwa mara, anayelamba pua, anayegeuza uso, anayelaza masikio au kuficha mkia kati ya miguu anaeleza kuwa hana raha. Paka anayelaza masikio na kupigapiga mkia naye anatoa onyo. Dalili hizo zikionekana, kamera iwekwe chini na mnyama aachwe aondoke. Mtoto asilazimishwe kumkumbatia mbwa ili apigwe naye picha, hasa mbwa asiyemfahamu.

Tahadhari hiyo inahusu uhai. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na ugonjwa huo, dalili zake zikishajitokeza, karibu kila mara huishia kwa kifo. Mbwa na paka wapatiwe chanjo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kupata chanjo bila kusubiri dalili.

Mwananchi anapaswa pia kutambua mipaka ya kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Hivyo, kumkamata mtoto wa tumbili au komba na kumfuga nyumbani ili apigwe picha ni kosa iwapo hakuna kibali. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtaka mtu amtendee mnyama bila ukatili. Aidha, droni hazirushwi katika hifadhi bila kibali, na upigaji wa picha kwa ajili ya biashara au filamu una taratibu zake.

Picha inapowekwa katika mitandao ya kijamii, athari yake huvuka mipaka. Watoto wa duma wamekuwa wakikamatwa katika Pembe ya Afrika na kusafirishwa kwa magendo kwenda nchi za Ghuba, ambako picha za wanyama hao wakiwa majumbani na ndani ya magari ya kifahari zimechochea tamaa ya kuwamiliki. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mwaka 2016 kuzuia watu binafsi kumiliki wanyama hatari. Kwa hiyo, anayesambaza picha ya mnyamapori aeleze wazi kuwa imepigwa katika bustani au kituo cha uokoaji, na ajiepushe na maneno yanayomfanya aonekane kama kipenzi wa kufugwa. Anayepiga picha za wanyama wanaowindwa na majangili, kama faru, azime kwanza huduma ya simu inayohifadhi mahali picha ilipopigwa.

Mwisho, wananchi wanashauriwa kuandika tarehe, mahali na jina la mnyama kwa kila picha wanayoihifadhi. Picha za kwaga zina thamani leo kwa sababu inajulikana ni za mnyama gani na alikuwa wapi. Picha ya pimbi wa Saanane, au ya mbwa aliyelinda nyumba kwa miaka kumi, inastahili kumbukumbu ya namna hiyo.