Mawazo, unga na VVU: tunatibu nusu ya ugonjwa

Huku kwetu, kuanzia Kahama na Mwakitolyo mpaka Geita na Nyarugusu, semina ya UKIMWI ina mambo matatu: tumia kondomu, usichangie sindano, kapime. Sawa kabisa. Ila mimi nina swali moja: huyo unayemwambia ajikinge, kesho yenyewe anaitaka?

Chukua mchimbaji mdogo. Miezi mitatu yuko duarani, mawe hayana kitu, deni la mama ntilie linapanda, nyumbani hana cha kutuma. Usingizi unakata. Anakunywa gongo ili alale, anavuta bangi ili asiwaze, na wengine wanafika mpaka kwenye unga. Sisi mtaani tunasema "ana mawazo", au "karogwa", au "achana naye, teja huyo". Hospitali kuna jina lake: sonona. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na unatibika.

Sasa VVU inaingiaje hapo? Kwa njia tatu.

Kwanza, sonona inamwambia mtu kwamba hana thamani. Mtu wa hivyo ukimpa kondomu atakujibu "ya nini?"

Pili, kilevi kinafukuza mawazo kwa masaa machache tu, halafu yanarudi na mzigo juu yake. Kwenye unga ni balaa zaidi: arosto ikimbana, sindano iliyo karibu ndiyo atakayoichukua, hata kama ina damu ya mwenzake. Hapo anaweza kupata VVU na homa ya ini kwa mkupuo.

Tatu, aliye na VVU tayari anaacha ARV. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Akikata tamaa akaziacha, virusi vinapanda, anaugua yeye na anaweza kuambukiza wengine.

Msije mkasema napiga porojo. Matokeo ya utafiti uliofanyika Ukraine, Vietnam na Indonesia yalitoka 2018 kwenye jarida la Lancet. Waliochunguzwa ni watu wanaojidunga na wana VVU. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa mtu wa kuwashika mkono hospitalini, pamoja na ushauri nasaha wa kupanga na kutatua matatizo yao. Baada ya mwaka, waliokuwa kwenye ARV ni asilimia 72 kwa kundi lililosaidiwa, na 43 kwa lile jingine. Waliokufa ni asilimia 7 kwa 15. Haikuwa tiba ya sonona peke yake, lakini inaonyesha mtu akisikilizwa anajitunza.

Najua mtasema huku daktari wa akili tutampata wapi. Haya, Zimbabwe nao hawakuwa nao wengi. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza kufundisha akina bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanaongea tatizo moja moja mpaka lipate njia. Kishona wanaita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo "mawazo" yetu hayo? Utafiti wao ulitoka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kwa waliokaa benchi, na 50 kwa wasiokaa.

Kwetu Tanzania, methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, na Kanda ya Ziwa ikafika Sekou Toure, Mwanza. Unainywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inakata, sindano unaachana nayo. Lakini methadoni haikusikilizi. Mawazo yakibaki, mtu anarudi kijiweni.

Kwa hiyo fanya hivi. Jiulize, au muulize mshikaji wako: kwa wiki mbili hizi, umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Vitu ulivyokuwa unavipenda havikuvutii tena? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja, nendeni CTC au hospitali mkaseme hivyo hivyo, na mtaje mnachotumia bila kuficha. Kuna ushauri nasaha, na kuna vidonge kama amitriptilini na fluoksetini. Vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na si vya kujinunulia dukani wala kuchanganya na pombe. Na anayesema anataka kufa usimwache peke yake hata dakika moja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kondomu na sindano safi zibaki pale pale. Ila tumpe mtu na sababu ya kuzitumia.

Nyie wa Kakola, Nyarugusu na Mgusu, huko hali ikoje? Karibuni kwa maoni, matusi hapana.