Masizi ya Injini si Kosa la Dereva



Katika tawi letu hapa Uganda tulipokea malalamiko ya ndugu yetu mmoja, dereva wa gari dogo la msimamizi katika shamba la chai. Gari lile lilikuwa likitetemeka kila asubuhi linapowashwa, linakosa nguvu mlimani, na linakula petroli kupita kiasi. Meneja alimwandikia barua kwamba ameharibu injini kwa uendeshaji mbaya, na gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wake. Mwisho wa mwezi alikatwa kweli.

Sisi viongozi wa tawi si mafundi. Kwa hiyo tulikwenda gereji kuuliza, tukaonyeshwa injini ikiwa imefunguliwa.

Katika injini za kawaida, petroli huchanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Hupitia juu ya valvu za kuingizia hewa, na ikipita huziosha. Mwaka 1996 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilianza kuuza magari yenye injini ya GDI, ambayo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Toyota nayo ikatoa injini zake za D-4. Shabaha ilikuwa kupunguza matumizi ya petroli. Lakini katika injini hizo petroli haigusi tena mgongo wa valvu. Kinachopita hapo ni hewa pamoja na mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini yenyewe. Valvu ina moto, hivyo mvuke ule huungua na kuganda juu yake, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa posho chini ya sufuria. Ukoko ukizidi, hewa hukosa njia. Hapo ndipo gari huanza kutetemeka.

Dawa za kumimina kwenye tangi hazisaidii valvu hizo, maana petroli yenyewe haizifikii. Fundi hana budi kufungua njia ya hewa na kuzikwangua, au kuzipuliza kwa chembe za maganda ya jozi yaliyosagwa. Kuanzia mwaka 2005 Toyota iliweka nozeli za aina zote mbili katika baadhi ya injini zake, na petroli ya nozeli za nje huosha valvu kama zamani.

Magari mengi ya namna hii hutufikia kupitia Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika miaka mingi Japani. Mengine hufika na ukoko wake. Oili isipobadilishwa kwa wakati, hali huwa mbaya zaidi. Lakini ni nani anayenunua oili? Ndugu yetu alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika tarehe zote alizoomba oili mpya, na mara mbili aliambiwa asubiri bajeti.

Tulilipeleka daftari lile mezani pamoja na maelezo ya fundi. Tulikumbusha pia kwamba Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza mwajiri kukata mshahara apendavyo. Makato lazima yaruhusiwe na sheria, na mapatano ya pamoja au na uamuzi wa usuluhishi. Barua ilifutwa. Fedha zilizokatwa zilirudishwa baada ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo watoto wake walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Basi ndugu madereva, maturniboi na mafundi, tunawaomba haya. Andikeni kila ombi la oili na kila dalili ya ubovu, pamoja na tarehe. Msitie sahihi barua ya kukubali kosa kabla ya kumwona katibu wa tawi. Tena daini injini ifunguliwe na fundi aandike alichokiona.

Gari likiugua, aitwe fundi kwanza. Mshahara wa mfanyakazi si spea ya gari la kampuni.