Mwalimu mkuu wa Sekondari Msingi aanze na ratiba

Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 nchini Kenya waliingia Sekondari Msingi bila kuhama shule. Jopokazi lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilikuwa limependekeza gredi za 7, 8 na 9 zibaki katika shule za msingi, na wazazi wengi wakashusha pumzi: mtoto wa miaka 12 hangepelekwa bweni akiwa bado mdogo. Mzigo ukamwangukia mwalimu mkuu. Katika ua mmoja akawa na watoto wa chekechea, vijana wanaovunja sauti, walimu wake wa siku zote, na walimu wapya wa masomo maalumu, wengi wao wanagenzi wa mkataba.

Tangu hapo mengi yanayosemwa kuhusu uongozi wa shule hizi ni ugomvi wa mamlaka: nani msimamizi wa nani, na nani atie saini matumizi ya mgao wa Sh15,042 wa kila mwanafunzi kwa mwaka. Malalamiko ya walimu wa Sekondari Msingi yana haki yake. Lakini umri wa wanafunzi wenyewe hautajwi sana, na kwangu mimi hapo ndipo kazi ya mwalimu mkuu inapoanzia.

Kijana anapobaleghe, melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutolewa mwilini usiku. Analala akiwa amechelewa, na alfajiri mwili wake bado unadai usingizi. Mwalimu mkuu anayepanga masomo ya ziada kabla jua halijachomoza, kisha akaruhusu wanaosinzia wachapwe, anashindana na maumbile. Pia anavunja sheria, maana kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakifanya kosa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Jacquelynne Eccles alieleza tatizo jingine. Katika umri huu mtoto anataka kusikilizwa na kuwa karibu na mtu mzima asiye mzazi wake. Wakati huohuo shule humwongezea amri na kumkabidhi kwa walimu wengi wasiomjua. Hamu ya kusoma inashuka, na lawama zinaenda kwa "watoto wa siku hizi".

Itazame ratiba ya Sekondari Msingi. Baada ya kupunguzwa, masomo ni tisa. Mtoto aliyezoea mwalimu mmoja wa darasa sasa anaweza kuwaona watano kwa siku, kila mmoja akiingia na kutoka na kipindi chake, na asiwepo wa kugundua kwamba amekaa kimya wiki nzima. Ripoti ya Marekani iitwayo Turning Points, ya mwaka 1989, ilipendekeza kila mwanafunzi wa umri huu awe na mtu mzima mmoja anayemjua vizuri. Hilo halihitaji bajeti. Mwalimu mkuu anaweza kuwagawa wanafunzi kwa walimu wote, wa msingi na wa sekondari, kila mmoja na kikundi chake, na kukiwekea kikundi hicho kipindi kifupi kila wiki. Kipindi hicho kiandikwe kwenye ratiba kama Hisabati inavyoandikwa. Ahadi ya gwarideni husahaulika kufikia Jumatano. Na mwalimu wa Gredi ya 4 aliyemfundisha mtoto huyo kusoma huenda akamfahamu kuliko mwenye digrii aliyefika muhula uliopita; mgawanyo huu unampa kila upande heshima yake.

Uchambuzi wa Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa jambo la kiongozi linaloinua matokeo zaidi ni kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki yeye mwenyewe. Mfano wa kwetu ni mwalimu aliyesomea Fizikia na Kemia akapewa Sayansi Jumuishi, ambayo ina Biolojia ndani yake. Anamhitaji mwenzake wa kupanga naye somo, na mwalimu mkuu akae nao na kuuliza maswali, hata kama taaluma yake ni Kiswahili.

Kisha kuna sodo. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma ana haki ya kuzipata bure. Zikifungiwa katika kabati la ofisi ya mwalimu wa kiume, msichana wa miaka 13 hataomba, atabaki nyumbani. Kiongozi makini huzihamishia kwa mwalimu wa kike anayeaminika, huweka akiba karibu na choo, na huhakikisha choo kina maji na komeo. Mwisho wa mwezi husoma rejista jina kwa jina, kwa sababu jumla ya mahudhurio inaweza kupendeza huku wasichana walewale wakikosa siku zilezile kila mwezi.