Mpiga ngoma wetu ndani ya kompyuta



Mtakumbuka bango tulilotundika mwaka jana tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Picha ilipigwa kwa simu, tukaivuta mpaka ikawa kubwa kama mlango, na uso wa mtoto ukageuka visanduku visanduku. Mama yake mwenyewe alisimama pale akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Tuliona aibu kweli.

Basi mwaka huu sisi walimu wa kujitolea na wanafunzi wa kompyuta tumemchora mpiga ngoma upya, kwa njia ya vekta. Picha ya simu ni vidoti vya rangi. Ukiikuza, unakuza vidoti. Vekta haitunzi vidoti, inatunza maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza nyekundu. Hata uifanye kubwa kama nyumba, mstari unachorwa upya, safi. Tulitumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Ikishaingizwa haidai intaneti, na hapo ndipo ilipotufaa.

Ngoma yenyewe ilikuwa rahisi. Unabonyeza F5, unavuta yai lililolala, hiyo ni ngozi ya ng'ombe. Chini yake mti, na vigingi vidogo vinavyokaza ngozi: unachora kimoja, Ctrl na D inakupa vingine. Kazi ilikuwa mikono. Kalamu ya kupinda mistari iko kwenye herufi B. Unabonyeza nukta, unaburuta, mstari unapinda. Vijana wetu waliweka nukta kama arobaini kwenye mkono mmoja, ukatoka kama muhogo! Tukabonyeza N, tukafuta nukta moja moja mpaka zikabaki saba, ndipo ukawa mkono wa mtu.

Mavazi tulidhani tunayajua. Nyekundu, nyeupe, kijani, rangi za bendera ya Burundi, tukajaza tukafurahi. Kisha tukamwita mzee mmoja aliyepiga ngoma tangu ujana wake huko nyumbani. Akaangalia muda mrefu.

"Wanangu, huyu amevaa au amefungwa bendeji?"

Kumbe nguo tuliibandika mwilini. Mzee hana tena vazi lake, lilibaki siku walipokimbia. Akaomba shuka la kitandani, akajifunga mbele yetu, akaruka mara moja tu kwa sababu ya goti. Tukaona jinsi nguo inavyochelewa kidogo nyuma ya mwili, inajaa upepo. Watoto waliozaliwa hapa kambini walikuwa hawajawahi kumwona akiruka. Kila mkunjo tukauchora kama kipande chake, nyekundu iliyokolea juu ya nyekundu. Akasema pia fimbo ni mbili, si moja, na mti wa ngoma ni umuvugangoma, yaani mti unaoisemesha ngoma, msiupake rangi ya chai.

Siku hiyo betri ya sola ikaisha na hatukuwa tumehifadhi. Saa tatu za kazi zikapotea. Wazazi, mkiona mtoto anarudi nyumbani akiimba "Ctrl S, Ctrl S", mjue ametoka kwetu.

Tulichora tena, na safari ya pili ilikwenda haraka. Tulipomaliza mzee akaomba tumweke mpiga ngoma wa pili pembeni, marehemu ndugu yake, walikuwa wakipiga pamoja. Tukamwambia ni rahisi, tunanakili huyu huyu. Akakataa. "Ndugu yangu alikuwa mrefu kuliko mimi, na alipiga kwa mkono wa kushoto."

Kwa hiyo mkono wa kushoto bado tunauchora. Anayetaka kusaidia au kujifunza aje darasa la kompyuta Jumamosi saa nane mchana, wasichana pia. Mwenye picha ya zamani ya wapiga ngoma, hata iliyochanika, atuazime; tutaitazama mbele yake na kumrudishia hapo hapo.