Mwili Nao Una Haki: Kupumzika na Kugawa Nguvu Katika Ramadhani

Nakala ya mhadhara wa Ramadhani 1447, Toronto, Machi 2026

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake.



Kumi la mwisho liko mlangoni, na mada yetu ni mapumziko. Huenda mtu akauliza: katika mwezi wa kukesha, iweje tuzungumzie usingizi? Ni kwa sababu wengi hulifikia kumi hili wakiwa wamekwisha nguvu, wakasimama katika swala miili yao ikiwa safuni na akili zao zikiwa zimelala.

Wengi wetu tumekulia Unguja, Mombasa, Lamu au Dar es Salaam. Kule Ramadhani ikiingia mji hubadili mwendo. Mchana hutulia, migahawa hufungwa, na pilikapilika huhamia usiku. Mfungaji hupumzishwa na mji wenyewe. Toronto haibadili mwendo kwa ajili yetu. Zamu huanza saa ileile, na watoto hutakiwa shuleni asubuhi ileile. Mapumziko ambayo nyumbani tuliyapata bila kuyaomba, hapa hatuna budi kuyapanga wenyewe.

Usiku wetu umekwenda wapi?

Wenyeji wa hapa wanakumbuka Ramadhani ya mwaka 2016, iliyotukuta mwezi wa Juni. Jua lilizama baada ya saa tatu usiku, isha ikakaribia saa tano, na alfajiri ikaingia kabla ya saa kumi. Aliyechoka alikuwa na udhuru ulio wazi. Mwaka huu mambo ni mengine. Tangu saa ziliposogezwa mbele Jumapili ya Machi 8, tunafuturu yapata saa moja na robo usiku, na alfajiri inaingia baada kidogo ya saa kumi na mbili. Anayemaliza tarawehe saa nne akalala saa nne na nusu, akaamka kwa daku saa kumi na moja na robo, amepata zaidi ya saa sita. Basi mwaka huu tusiulaumu usiku. Tutazame tunachoutia: simu, maongezi yasiyokwisha, na meza ya futari yenye vyakula aina kumi.

Mafunzo ya Mtume

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zainab, aliyekuwa akiishika achokapo katika swala. Akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, na akichoka aketi. Bibi Zainab hakulaumiwa kwa kupenda ibada. Kilichoondolewa ni ile kamba. Nasi tujiulize kamba zetu ni zipi. Kikombe cha tano cha kahawa baada ya tarawehe huenda kikawa kamba.

Hadithi ya pili ni ya Salman na Abu Dardaa, ambao Mtume aliwaunganisha undugu. Salman alipomzuru nduguye, jambo la kwanza aliloliona ni hali ya mkewe, Ummu Dardaa, aliyekuwa ameacha kujishughulisha na mavazi yake kwa kuwa mumewe hakuwa tena na haja ya dunia. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kuswali, Salman alimwambia alale, mpaka ulipofika mwisho wa usiku wakaswali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake, nafsi yake na ahali zake wote wana haki juu yake. Mtume akasema Salman amesema kweli.

Kwa hiyo usingizi haukuwekwa kuwa makombo ya siku. Ni haki, na haki huwekewa wakati wake kama ilivyowekewa swala.

Pumziko la mmoja na jasho la mwingine

Tuwe waadilifu katika nyumba zetu. Baba akilala kidogo baada ya alasiri, ni nani aliyeko jikoni? Nani huamka wa kwanza kupika daku, na nani huosha vyombo wengine wakienda msikitini? Mara nyingi ni mtu yuleyule, naye pengine ametoka kuwahudumia wazee katika zamu ya usiku. Futari ya mapishi mawili ni futari. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kupasha moto daku. Mume naye ana mikono.

Kazini

Wengi hawaijui sheria inayowalinda. Sheria ya Viwango vya Ajira ya Ontario, kwa wafanyakazi wengi, inataka mtu apate saa 11 mfululizo za mapumziko kila siku, na asifanye kazi zaidi ya saa tano bila nusu saa ya kula. Zungumza na msimamizi mapema, nusu saa hiyo iangukie magharibi. Lakini sheria humfunga kila mwajiri kwa saa zake. Mwenye kazi mbili hutoka kwa huyu akaingia kwa yule, na mwili haujui kwamba waajiri ni wawili. Ikiwa kipato kinaruhusu, punguza zamu moja katika siku hizi kumi. Ikiwa hakiruhusu, punguza kingine, wala usijilaumu: kutafuta riziki ya halali ni ibada. Na dereva anayesinzia katika barabara ya 401 aegeshe mahali salama alale. Roho yake na za wenzake ni amana.

Tusiisahau kailula. Maswahaba wamesimulia kwamba siku ya Ijumaa walikula na kupumzika baada ya swala. Dakika ishirini ndani ya gari, wakati wa mapumziko ya mchana, zinaweza kuuokoa usiku wako.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kila mmoja wetu apatazame pake pabovu usiku huu, kabla hapajakatika.

Ewe Mola wetu, tupe nguvu za kukuabudu, utujaalie usingizi wenye utulivu, na uwahurumie wanaokesha kwa ajili ya riziki za watoto wao. Amin. Wabillahi tawfiq.